Mnara wa Maktorini pale Ruti

Jumatatu, 2 Juni
Gervais amefanywa kapita. Mrundi aliyefika juzi! Mimi nabeba mawe ya gesti hii tangu msingi, miezi saba, mgongo umekuwa wa punda, na msimamizi ni yeye. Mzee Eliezeri, mwenye gesti, anasema Gervais ana jicho la mawe. Mimi ninayo mawili, hakuyaona.
Shida ni kwamba nilipokwenda nyumbani Nakivale nilimwambia mke wangu, Mama Gradi, kapita ni mimi. Ameshatangaza kwenye kwaya. Jumapili anakuja Ruti kuona.

Jumanne, 3 Juni
Tunajenga mnara wa lango. Rafiki wa Mzee, Mskoti aliyekuwa daktari wa ng'ombe zamani kule Endiinzi, anakuja kutembea Jumamosi. Kila mwaka humtumia Mzee kalenda ya ngome za ukoo wake, ukoo wa Maktorini. Kila karatasi ngome moja. Ukoo wangu kule Fizi hauna hata choo cha matofali, huyu ana ngome kumi na mbili. Sijamwona, na wivu nimeshamwonea.
Kalenda ya mwaka jana imetundikwa stoo ya simenti. Ndiyo ramani yetu. Mzee alituonyesha ngome yenye meno juu, akaenda kwa ng'ombe wake. Mnara umeshapanda, yamebaki meno tu.

Jumatano, 4 Juni
Nimeamka na akili. Kabla wengine hawajafika nimefungua karatasi nyingine: gofu. Pembe moja imeanguka, dirisha limebaki tundu, majani yameota juu. Gervais ametazama, amejikuna kichwa. Amesema bosi amebadili mawazo, na nyumba ni ya bosi. Akachukua nyundo, akaanza kuubomoa mnara wake jiwe kwa jiwe, taratibu, kama anayemvua mtoto shati.
Mawe yaliyobomolewa nimebeba mimi.

Ijumaa, 6 Juni
Gofu limekamilika. Gervais amepanda hata majani juu. Nimefua shati la ukapita.

Jumamosi, 7 Juni
Mzee ameshuka garini, ameshika kichwa. Ameuliza ni mjinga gani aliyevunja lango lake. Nikasogea karibu ili nionekane mtu wa kutegemewa. Ndipo Mskoti naye akashuka. Ametazama gofu, amevua kofia, amelia. Amesema babu wa babu yake alizaliwa humo, na hata tundu la dirisha liko fasi yake, palepale. Amepiga picha nne na Gervais. Mimi nimo katika moja. Mkono tu.
Mzee sasa anasema wazo lilikuwa lake.

Jumapili, 8 Juni
Mama Gradi amefika na wanakwaya wanne. Sijafungua mdomo, ameshamwuliza Gervais kama ndiye anayefanya kazi chini ya mume wake. Nikatazama mifuko ya simenti. Gervais akasema ndiyo mama, kapita wetu ni mkali lakini kazi anaijua. Wanakwaya wakapiga vigelegele.
Hata kwa wema amenishinda. Hilo sitamsamehe.

Jumatatu, 9 Juni
Mskoti anakaa wiki mbili. Mzee anataka tuzidishe uzuri, tufuate kalenda. Nikawahi stoo, nikafungua ngome iliyo katikati ya ziwa. Nikangoja aaibike. Gervais ametazama, amecheka. Amesema hii rahisi, mnara tunao, yamepungua maji tu. Akauliza nani hodari wa jembe. Wote wakanigeukia.

Jumanne, 10 Juni
Nachimba ziwa. Tope limefika magotini. Udongo niliotoa umelundikana pembeni, umenipita kichwa, na bado hatujafika nusu.
Saa ya chakula nimepita stoo. Nimeona karatasi nzuri kuliko zote: ngome iliyo juu ya mlima. Kesho nitaifungua mapema. Hapa Ruti kwenye gesti ni tambarare kabisa. Tuone huyo kapita mlima atautoa wapi.