Saa Zetu Kwenye Kila Mashine

Jumatatu, 3 Machi 2025, Kitengela

Bosi wetu, Mama Wahu, ameamka na wazo. Kuanzia leo programu zetu zote zitaundwa kwenye mashine tupu. Tukubaliane ni faili gani za mfumo programu inaweza kutegemea kuzikuta bila kuuliza. Zingine zote iziombe kwa jina. Mwenye orodha bora atakuwa mkuu wa waundaji. Mimi! Nani mwingine? Kahiga ametaja faili nne tu. Mtu wa kutembelea watu na chumvi yake mfukoni, asije akaikosa kwao. Mimi nilisema kila kilicho kwenye laptop yangu kihesabiwe kuwa kipo kila mahali. Wakatazamana. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mbinu. Niko na faili niliyoiunda mwenyewe, saa-zetu. Inaifundisha mashine kusoma saa kama watu: mtu akiandika 3, ni saa tatu asubuhi, ile ambayo Wazungu huiita tisa. Ikiingia kwenye orodha, kila programu itanitegemea mimi. Nani ataweza kunifuta kazi? Kui, mwenzetu wa tatu, nilimnunulia mutura, ile soseji ya utumbo ya kuchoma, kabla hatujaipigia kura faili yangu. Tukashinda! Kahiga aliuliza mashine isiyo na faili hiyo itafanyaje. Nikamuuliza ni mashine gani Kenya hii haijui saa. Kui alicheka sana.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Jana tuliwatumia watu wa Magadi programu ya kufungua bomba la maji. Leo Soila, mwenyekiti wa kikundi cha maji kule, amepiga simu. Aliandika 3. Mashine yao haina faili yangu, ikafungua saa tisa usiku, watu wamelala.

“Punda wamekunywa maji yetu yote,” alisema. “Nani alikuambia mashine yetu iko na hiyo kitu yako?”

Nikamweleza iko kwenye orodha. Akasema hata hoteli ya kwao nyama iko kwenye menyu, lakini jikoni haipo. Kahiga alisikia, akacheka mpaka akakohoa. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 7 Machi

Ukuu amepewa Kahiga. Mimi nimepewa Magadi, nikaombe msamaha. Joto la kule! Soila alinipa chai kivulini. Akina mama walikuwa wamepanga mitungi mikavu, na hapo roho iliniuma kweli. Basi nikafanya la maana: nikaiweka saa-zetu kwenye mashine yao kwa mkono wangu. Sasa ipo. Kwa hivyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo, ni mashine iliyochelewa.

Jumamosi, 8 Machi

Soila amepiga tena. Kumbe Kahiga alikuwa ameshawatumia programu mpya, inayojiongezea saa sita yenyewe. Faili yangu ikaongeza zingine sita. Akina mama wamekaa juani tangu asubuhi, maji yakatoka saa tisa alasiri. Mama Wahu anataka kuniona Jumatatu, mlango ukiwa umefungwa.

Vizuri! Nitampelekea pendekezo: kila mashine ihesabiwe kuwa na faili ya pili, ya kupunguza saa sita. Nimeiunda leo. Kwenye laptop yangu inafanya kazi vizuri kabisa.