Isipokuwa kwa Msiba Wako Mwenyewe

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimechoka. Miaka kumi na moja mimi ndiye katibu wa gofu wa wazee wanne tuliosoma darasa moja, na sijawahi kusikia asante. Leo nimetangaza safari ya vuli: Chuncheon. Tak Jong-pil kabisha papo hapo, kama kawaida yake. Ati Chuncheon kuna nini zaidi ya ukungu na wanafunzi? Yeye anataka pwani, akale samaki wabichi. Nikamjibu kuna ziwa, kuna hewa, kuna dakgalbi, kuku wa kukaangwa na pilipili. Sikumwambia kwamba kuna pia Eun-sol.

Eun-sol ni binti yangu wa pekee, yuko chuoni huko. Februari aliacha ufamasia akahamia kusomea kuchezesha vikaragosi. Vikaragosi! Nikamwambia asinipigie simu mpaka akili imrudie. Mtoto yule hajawahi kunitii maishani mwake, isipokuwa hapo. Hata Chuseok, sikukuu ya mavuno, hakuja.

Basi mpango ni huu. Asubuhi tunacheza. Mchana nawapeleka wenzangu kula kuku kwenye mkahawa unaotazamana na lango la chuo chake. Eun-sol atapita. Nitainua macho kwa mshangao: "Aa, kumbe ni wewe?" Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Mke wangu kanisikia. Akasema simu ipo, si nimpigie tu mtoto? Nikamweleza kwamba baba hatangulii kupiga simu. Akarudi kwenye kabeji zake.

Alhamisi, 8 Oktoba

Ugonjwa wa kila mwaka umeanza: watu kujitoa. Guk, yule daktari wa meno, ana harusi ya mpwa wake. Tak "ataangalia". Wote wanajua uwanja ule haupokei watu watatu!

Nimetunga kanuni na kuituma kwenye kundi letu la simu. Aliyekubali gofu hajitoi isipokuwa kwa msiba, na msiba wenyewe uwe wake. Ni utani wa zamani wa wacheza gofu wote nchini, ila mimi nimeufanya sheria na kumtaka kila mtu ajibu kwamba amekubali. Mwenyekiti Ma, ambaye siku hizi haoni vizuri, kakubali mara tatu. Guk kamwachia mkewe harusi. Tak kajibu wa mwisho, akaongeza kwamba sheria ni msumeno. Mwache aseme. Nimemnasa!

Nafasi niliyopata ni ya kwanza kabisa alfajiri, Jumamosi tarehe 17. Ajabu, hakuna aliyeigombania. Mke wangu kauliza kama nina hakika na Jumamosi hiyo. Nikamwambia sikuzaliwa jana. Akasema hilo ni kweli.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimenunua sweta ya rangi ya chungwa ili mtoto anione toka mbali. Nimewatumia wenzangu picha. Tak kauliza kama nimepata kazi ya kuelekeza magari barabarani. Guk kacheka. Mwenyekiti kakubali tena.

Ijumaa, 16 Oktoba

Balaa! Jioni nimemkuta mke wangu analoweka mwani wa supu, ile ya siku za kuzaliwa. Mwani mwingi. Nikauliza nani ana siku ya kuzaliwa. Akasema ni mimi, kesho, tarehe saba ya mwezi wa tisa kwa kalenda ya mwezi, ile ninayoing'ang'ania kila mwaka kwa sababu marehemu baba aliifuata. Na Eun-sol anakuja na treni ya asubuhi. Kampigia mama yake, kasema amemkumbuka baba.

Nikakaa chini. Mtoto anakuja Seoul, mimi nakwenda Chuncheon.

Nikampigia Tak, nikamwambia mgongo umekaza.

"Pole sana, Katibu. Mazishi saa ngapi?"

Nikamtajia siku yangu ya kuzaliwa. Akasema hiyo ni kinyume kabisa cha msiba, kanuni haiitambui. "Sheria umeitunga wewe, bwana. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole." Sikumtajia Eun-sol. Heri nife kuliko kumwomba Tak fadhila kwa mambo ya nyumbani kwangu.

Mke wangu akasema basi nimpigie mtoto, nimwombe anisubiri mpaka jioni. Hakuna haja! Tunaanza alfajiri, saa saba mchana niko mezani.

Jumamosi, 17 Oktoba

Ukungu. Hata miguu yangu sikuiona. Nimeelewa kwa nini nafasi ile haikugombaniwa.

Tulikaa kwenye jumba la wachezaji tukitazama weupe dirishani. Nikapendekeza turudi mjini. Tak akasema atakayeondoka, yeye atamwagizia shada la maua ya mazishi. Ukungu ulipanda karibu na saa tano. Nikacheza mbiombio, mipira miwili ziwani, mmoja kwenye kikapu cha chakula cha wenyewe. Msichana anayetuendeshea gari la fimbo akaniuliza kwa upole kama mzee ana mgeni nyumbani. Nikasema ndiyo, ana mgeni.

Halafu Mwenyekiti akadai kuku wake alioahidiwa. Nikaketi mbele ya lango la chuo ndani ya sweta yangu ya chungwa. Kila msichana mwenye nywele fupi alipopita niliinua macho, na nilijua fika kwamba binti yangu yuko kwangu.

"We Man-seok, unamtafuta nani?" Tak akauliza, kwa mara ya kwanza bila dhihaka.

Nikasema pilipili imeniingia machoni.

Nimefika nyumbani jioni. Viatu vya Eun-sol havikuwepo mlangoni. Kesho ana onyesho, asingeweza kulala kwetu. Kaniachia kikaragosi cha kitambaa: mzee mwenye kofia ya gofu na simu mkononi. Ukivuta uzi, simu inapanda sikioni. Mke wangu kasema Eun-sol alisisitiza kwamba baba akikiona ataelewa. Supu ilikuwa imepoa. Nimeinywa yote, nikavuta uzi ule tena na tena.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimetafakari sana, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Ukungu.

Asubuhi nimechukua simu. Mke wangu kasimama mlangoni, kazima hata mashine ya kufulia. Nikapiga. Uwanja wa Chuncheon una nafasi Novemba, saa za mchana, karibu na mitihani, wakati ambapo hakuna mwanafunzi anayetoka mjini. Nimeikamata! Nilipogeuka mke wangu hayupo, mashine inanguruma tena. Tak kakubali wa kwanza, bila hata kubisha. Sijui anaumwa?

Kikaragosi nimekitundika juu ya meza yangu. Mtoto ana mikono ya ufundi, lazima nikiri. Kakosea kitu kimoja tu: kamshikisha mzee simu badala ya fimbo. Nitamwambia Novemba, tukikutana kwa bahati.