Eli Azeeka Ghafla kwa Sababu ya Bima

Habari yenyewe aliileta Wakili, na kama ilivyo desturi yake, aliimwaga kabla hajakaa.

"Wasee, mmeskia redio? Kuanzia leo jioni makarao wamejaa barabara yote ya kwenda Nyali. Hawakuulizi kitu. Wanaingiza namba ya gari yako kwa simu, wakiona bima imekufa, gari inalala kituoni na wewe unalala kando yake."

Benchi zima likageuka taratibu, likamtazama Eli. Kisha likatazama nyuma ya Eli, kwenye Vitz nyeupe iliyoegeshwa karibu na karai la viazi la Bi Dhahabu, tairi moja ndani ya mtaro. Eli akajitia kunywa kahawa. Kikombe kilikuwa kitupu.

Kwao Kaloleni jina lake ni Randu. "Eli" alibandikwa na maskani hii ya Bombolulu, kwa vile baada ya kupata leseni alizunguka mwezi mzima na vile vibao vya herufi L, kimoja mbele kimoja nyuma, akidhani sheria yataka ukae navyo mpaka uote mvi. Wakili naye si wakili. Ni Nicanor, mpeleka makaratasi huko Kipevu, aliyewahi kuitwa shahidi katika kesi ya kuku, na tangu siku hiyo hajanyamaza.

"Yako yafa lini?" akauliza Kapteni.

"Ilikufa jana."

"Na hapa umefikaje?"

"Nimepita vichochoroni, Kapteni. Pengine nilipita na dua."

Kapteni akatikisa kichwa. Huyu ni Munga, mtu mzima wa kikoi na miwani ya jua, ambaye hakuna mlima wa kutoka hapa hadi mpaka wa Uganda asioweza kukueleza unapandwa kwa gia gani. Miaka thelathini ya malori, husema. Hata Wakili humwachia nafasi azungumzapo.

"Si ununue bima, basi?" akasema. "Kwani bima yauzwa kwa siri?"

"Nimezunguka wiki nzima, wallahi! Kila ofisi niingiayo mambo ni matamu mpaka waulize umri. Nikisema ishirini na mbili, yule dada aweka kalamu chini. Nikisema leseni ina miezi mitatu, aiokota kalamu, aitia mkobani. Wa Changamwe aliponitajia bei, nikamuuliza kama ni pamoja na gari jingine."

Wakili akacheka hadi akamwaga kahawa. "Chukua thadi pati, buda! Hiyo ni bei ya sukari!"

"Agneta haitaki thadi pati. Ataka bima kubwa, ile ya kila kitu. Asema gari likianguka na mikate yake, hataki kusikia habari za mtu wa tatu."

Jambo hilo wote pale walilijua. Agneta ndiye mwenye tanuri la mikate pale ng'ambo ya barabara. Alikuwa amempa Eli kazi ya kupeleka mikate kwenye hoteli za Nyali, kuanzia alfajiri ya kesho, kwa sharti moja: aione bima kabla hajafunga duka jioni hii. Asipoiona, kazi ni ya mpwawe mwenye tuktuk. Na Vitz yenyewe ilinunuliwa kwa ng'ombe wawili wa mamake Eli, Florence, ambaye siku ya kuwauza hakusema neno ila moja tu: "Sasa utanikamulia wewe." Eli alikuwa akiogopa, na hofu yake haikuwa ya polisi. Alikuwa akiogopa kupanda Kaloleni kumwambia mamake kwamba ng'ombe wameegeshwa mtaroni.

"Hivi hawa wa bima," Kapteni akaanza, akivua miwani, na watu wakajua hekima yaja, "wao waogopa nini hasa?"

"Vijana. Wasema kijana ni hatari."

"Na mtu mzima?"

"Mtu mzima bei yake nafuu. Akiwa na uzoefu, ndiyo kabisa."

"Basi zeeka."

"Nizeeke vipi, Kapteni? Leo?"

"Kwa simu! Kwenye simu nani aona ndevu? Wapigie kwa sauti ya mtu mzima, wakutajie bei ya mtu mzima. Bei ikishatamkwa ni ahadi, na ahadi ni deni."

"Na kitambulisho?"

"Kitambulisho huja baadaye," Wakili akaingilia. "Hiyo ni sheria, mimi nimesimama kortini. Neno la kwanza ndilo lenye nguvu. Hata ile kuku ilipotea juu ya neno la kwanza."

Mtu mwenye akili zake angeondoka hapo. Eli mwenyewe akisimulia leo hukiri kwamba akili zake siku hiyo alikuwa nazo, ila zilikuwa zimechoka kutembea. Akampa Wakili simu. Wakili akaandika ujumbe kwa ajenti mmoja ambaye Eli alikuwa bado hajamfikia, Mweri jina lake: *Naitwa Mzee Randu, miaka 52, dereva mzoefu sana. Nataka bima kubwa ya Vitz ya kubebea mikate. Nipigie.*

Kisha mafunzo yakaanza.

"Kohoa," akaamuru Kapteni.

Eli akakohoa.

"Hicho ni kikohozi cha mtoto aliyekunywa maji vibaya! Mtu mzima hukohoa ana nafasi. Akimaliza, hutulia atazame kama kuna kilichobaki."

Eli akakohoa tena, akatulia.

"Sasa goti. Lalamikia goti."

"Goti laniuma."

"Laniuma *tangu zile mvua*. Mtu mzima haumwi tu, ana tarehe."

"Nikikuuliza umewahi kupata ajali?" akauliza Wakili, kidole juu.

"Sijawahi."

"Sema mara moja, kuku. Ukisema hujawahi kabisa watajua unadanganya."

"Na usiharakishe," Kapteni akamalizia. "Vijana mwajibu swali kabla halijaisha. Mtu mzima husema 'eeeh' kwanza, akawaza mambo mengine, ndipo akajibu."

Bi Dhahabu, aliyekuwa akikaanga viazi vya karai huku amewapa mgongo, akaguna. Hakugeuka. "Mwamfundisha kuzeeka, na nyinyi wenyewe bado hamjakua."

Simu ikalia. Wakili akaiweka sauti nje ili benchi lisikie, akamsukumia Eli. Eli akavuta pumzi mpaka kwenye magoti aliyotakiwa kuyalalamikia.

"Haloo," ikasema sauti ya mwanamke, laini, ya hapa hapa pwani. "Naongea na Mzee Randu?"

"Eeeh," akasema Eli, mzito kama gunia la mbata. "Ndiye."

"Shikamoo, baba."

Lo! Goti walifundisha, kikohozi walifundisha, hata kuku wa kugongwa walimtafuta. Hilo hakuna aliyelikumbuka. Eli ni kitinda mimba. Tangu azaliwe amewaamkia wazee wa Kaloleni yote, mashangazi, majirani, mpaka dada zake wakubwa, na hata siku moja hajapata kuamkiwa na mtu. Neno lile lilipomfikia sikioni, ulimi ukafanya kazi uliyoizoea.

"Shikamoo!" akajibu, kwa sauti yake ya kuzaliwa, na kichwa akainamisha.

Wakili akauma kofia yake. Kapteni akavaa miwani.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mweri. "Haya, mpe baba simu."

Mungu hamtupi mja wake. Eli akaisogeza simu mbali, akahesabu mpaka tano, akakohoa kwa nafasi, akatulia kutazama kama kuna kilichobaki.

"Eeeh. Huyo alikuwa kijana wangu."

"Ana adabu kweli. Umemlea vyema."

"Twajaribu, binti yangu. Ila goti laniuma tangu zile mvua."

"Pole, baba. Umeendesha gari muda gani?"

"Tangu barabara hii ni ya mchanga."

"Ajali?"

"Kuku mmoja. Tena makosa yalikuwa yake."

Kapteni akainua kidole gumba. Wakili alikuwa tayari amesimama, akitembea huku na huku kama mtu aliyeshinda rufaa. Mweri akasema hesabu yake, na bei iliyotoka mle ilikuwa tamu hata Eli akatamani kweli awe na miaka hamsini na mbili, goti na yote. Ilibaki kusema "nimekubali" tu.

"Randu!" akaita Bi Dhahabu kutoka kwenye karai, kwa sauti ya mama anayeita mtoto aliye mbali.

"Abeee, mama!" akaitika Eli, na tayari alikuwa amesimama.

Mpaka leo Bi Dhahabu hajasema kama alikusudia. Yeye hudai alitaka tairi litolewe mtaroni tu.

Simuni ikasikika kalamu ikiwekwa chini. Kisha Mweri akasema polepole, "Mzee Randu. Kumbe mamako yu hai. Tena bado akuita na waitika abee."

Eli hakuweza kukohoa.

"Mwanangu, una miaka mingapi? Sema kweli, mimi siumi."

Basi akasema. Aliposema ishirini na mbili, mengine yote yakafuata bila kuulizwa: leseni ya miezi mitatu, mikate, Agneta na tuktuk ya mpwawe, ng'ombe wawili. Alipofika kwa mamake akakohoa, na safari hii si kwa kuigiza. Kwenye benchi kila mtu alitazama kikombe chake. Kapteni hasa alijisikia vibaya, maana mpango ulikuwa wake.

Mweri akapumua. "Bei ile ya mzee isahau. Lakini iko njia ya kuipunguza hii yako. Kama kuna mtu mzima, mwenye leseni hai na uzoefu, twaweza kumwandika pamoja nawe kwenye gari hilo. Unaye mtu kama huyo hapo?"

Eli karibu aruke. "Ninaye! Ninaye hapa hapa! Kapteni! Miaka thelathini ya malori!"

Wote wakamgeukia Kapteni. Kapteni akakaza kikoi, akakilegeza, akakikaza tena.

"Leseni," akasema.

"Ndiyo, Kapteni. Namba yake tu."

"Hii habari ya leseni… Mimi, Eli, miaka yangu yote thelathini, sikusema nilikaa upande gani."

"Upande gani wa nini?"

"Wa lori. Nilikaa kushoto."

Ilichukua muda kuingia. Wakili ndiye aliyepiga ukelele: "Taniboi! Kapteni, kumbe wewe ulikuwa taniboi wa dereva, si dereva!"

"Taniboi mwenye kutazama sana!" Kapteni akajitetea. "Milima yote niliipanda kwa macho! Na wewe, Wakili, ya kwako iko wapi?"

"Mimi ninayo."

"Itoe."

"Ni ya bodaboda. Na jina lililoko ni la brathe yangu."

"Msinitazame mimi," akasema Bi Dhahabu. "Mimi hata baiskeli yanitupa."

Kwenye simu Mweri alikuwa akicheka, tena amejaribu kujizuia akashindwa. "Samahani, wazee wangu. Hebu niulize. Nyinyi ndio mtakaokuwa mkiliazima gari hili?"

"Mara moja moja tu," akasema Kapteni. "Matanga, harusi. Na Jumapili."

"Basi bei hii twaishusha. Randu, nakuandika wewe dereva peke yako. Mwingine yeyote akishika usukani, bima haipo. Nikiwatoa hao, nafuu yaonekana, na iliyobaki utalipa kila mwezi kidogo kidogo. Wakubali?"

"Nakubali!" akasema Eli, kabla swali halijaisha.

"Ngoja kwanza, binti," akasema Kapteni. Alisema kwa upole, kama mtu anayeuliza majibu ya daktari. "Hiyo hatari mliyokuwa mkiiogopa…"

"Nilidhani ni mtoto, baba. Kumbe ni maskani."

Eli akatuma picha ya leseni, ile moja iliyokuwa hai kwenye benchi zima, na Magharibi ikiingia bima ikaingia simuni. Akavuka barabara mbio. Agneta alikuwa amekwisha kufunga mlango mmoja. Akaisoma hadi mwisho, akaisoma tena, akasema, "Kumi na moja alfajiri. Mikate hainisubiri na mimi sikusubiri." Eli akarudi anacheka na machozi yako pale pale, wala hakuyaficha.

"Leta tuone," akasema Wakili, akainyakua simu. Akasoma. Akakunja uso. "Buda. Hapa imeandikwa inaanza saa sita usiku."

Wakatazama barabara. Kule mbele taa za polisi zilikwisha kuwaka.

"Niliache hapa?"

"Uliache hapa," akasema Bi Dhahabu, "asubuhi ulikute limekaa juu ya mawe, magurudumu yameolewa Mtwapa."

Kapteni akavua miwani kwa mara ya pili siku hiyo. "Gari likizimwa injini likasukumwa, si gari tena. Ni mkokoteni. Na mkokoteni hauna bima."

"Hiyo iko kwa sheria," Wakili akathibitisha.

Wakakunja nguo. Eli akashika usukani, ndiye pekee aliyeruhusiwa. Wakili akasukuma kulia, Kapteni akajikuta amesukuma kushoto, na Vitz ikatoka mtaroni ikaingia kichochoroni kuelekea anakolala Eli, polepole, Kapteni akihema na kumwelekeza Eli gia ambazo hazikuhitajika.

Kwenye kona mama mmoja mwenye ndoo akawapisha ukutani. "Masikini," akasema. "Limewafia?"

"Halijafa, mama," akajibu Kapteni, bega likiwa kwenye bati. "Halijazaliwa. Lazaliwa saa sita usiku."