Mtandao Unasumbua, Bosi

Hakuna chuo kilichowahi kumpa cheti, lakini mtaa mzima wa watu wenye mageti marefu ulimwita Injinia. Ndivyo alivyojitambulisha mwenyewe, na watu wa mageti marefu hawana muda wa kuuliza maswali. Kazi yake ilikuwa kufunga kamera za ulinzi majumbani, na alizifunga vizuri tu. Ubaya ni kwamba kamera iliyofungwa vizuri haimwiti fundi tena, na Injinia hakuwa mtu wa kukubali kusahaulika.

Dawa aliipata. Kila alipounganisha kamera na waifai ya mteja, neno la siri la kamera hizo alibaki nalo kwenye simu yake. Njaa ikimshika, aliibonyeza simu huku amekaa kibarazani kwake, na kamera za fulani zikapotea hewani. Akiitwa, alikwenda na uso wa daktari aliyebeba majibu mabaya. Aliizima ruta, akaiwasha, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa. Nondo za ukutani zinameza mawimbi, alisema. Kisha akatoa mkobani kifaa alichokiita kinasa mawimbi, ambacho kilikuwa kisahani cha sabuni kilichopakwa rangi nyeusi na kuchomekwa kitaa cha kijani. Akishakibandika, alibonyeza tena simu mfukoni, kamera zikafufuka, na mteja akamshukuru nusura ambusu.

Mteja wake mnono kuliko wote alikuwa Mwenye Maduka, mzee aliyemfukuza mlinzi wa geti siku ileile kamera zilipofungwa, akisema kamera haili wala haiombi likizo. Nyumba yake ilikuwa na vinasa mawimbi mpaka chooni.

Jumamosi moja mzee na mkewe walisafiri kwenda harusini mji mwingine. Injinia akaona nafasi, maana mtu aliye mbali na mali yake hupagawa upesi. Asubuhi akazikata kamera zote, akangoja simu.

Simu ikaja, ila si ya mzee. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, yenye kujiamini. Alisema yeye ni dada wa Mwenye Maduka, ameachiwa nyumba, na namba ameiona kwenye stika ya fundi pale getini. Akauliza kamera za kaka zina hali gani.

"Zimekatika zote, dada," Injinia akajibu kwa huzuni. "Mtandao. Saa hizi hata mwizi akipita hazimwoni."

"Pole na kazi, mdogo wangu," alisema yule dada. "Njoo basi, lakini taratibu, usijichoshe."

Fundi mwaminifu angejiuliza kwa nini mtu anayelinda nyumba anamwambia fundi aje taratibu. Injinia aliwaza vinasa mawimbi tu.

Alipofika, geti lilikuwa wazi, mlango wazi, na gari la mizigo limerudishwa kinyumenyume mpaka barazani. Dada alikuwa mama wa makamo, mtandio mzuri, miwani myeusi. Alimweleza kuwa mafundi rangi wanakuja keshokutwa, kaka kaagiza vyombo vihamishiwe kwake yeye dada, na vijana wa kubeba hawakutokea. Akaongeza kwamba kaka humtaja Injinia kama mwanawe wa kumzaa, na kwamba na yeye anataka kinasa mawimbi kwa kila chumba cha nyumba yake. Injinia, ambaye hajawahi kumwinulia mama yake ndoo ya maji, akajikuta amebeba televisheni.

Friji walisaidiana na dereva, bwana wa maneno machache. Kisha dada akataka kamera zitengenezwe, ili kaka aone vyombo vyake vinabebwa kwa heshima. Ila kwanza aoneshwe zinatazama wapi, kwa kuwa hapendi kuonekana na nguo za kazi. Injinia akamwonesha kila kona, na kwa majivuno akamwonesha hata pale ambapo hazifiki. Dada akaenda kusimama palepale, akamwagiza dereva atoe gari nje ya geti, lisizibe njia.

Injinia akabonyeza simu, kamera zikashika. Akatoka na zulia begani, akasimama mbele ya kamera ya mlangoni, akampigia bosi saluti. Akafuata kitanda, masufuria, mapazia. Mwisho dada akamshauri apakie na pikipiki yake, waende wote, akasaidie kushusha na malipo ayapate hukohuko. Akaipakia. Ndipo dada aliposema bomba la jikoni limeachwa wazi. Injinia akakimbia kulifunga, akalikuta limefungwa. Aliporudi getini, barabara ilikuwa tupu.

Alisimama pale akiwa na hisia ngeni, ile ambayo wateja wake wangekuwa nayo kama wangejua. Simu ikalia. Alikuwa Mwenye Maduka.

"Injinia, uko wapi?"

"Nipo kwako, bosi. Dada yako aliniita."

"Mimi sina dada."

Injinia akashika njia aliyoizoea. Akaeleza kwamba mtandao ukisumbua, kamera huweza kuleta picha za nyumba nyingine kabisa.

"Leo hausumbui," mzee alisema. "Hata jasho lako naliona. Kaa hapohapo, askari wako njiani."

Kituoni Injinia alijikuta kwenye kona mbaya. Ukweli ungemtoa kwenye wizi, lakini ulianzia pale alipozikata kamera mwenyewe, na ungemletea mtaa mzima na visahani vyao vya sabuni. Uongo nao ulikuwa umemwishia, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Akasema ukweli. Mkuu wa kituo alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akafuta macho, akaandika yote, utapeli na wizi pia.

"Kumbe mtandao unaujua kweli," alisema akifunika kalamu. "Kamera yetu ya mahabusu inakatikakatika. Hebu itazame kabla hujaingia."

Injinia akatazama. Ruta ilikuwa imesukumwa nyuma ya kabati la chuma. Akaitoa, akaiweka juu ya kabati, bila kutaja nondo na bila malipo. Kisha akavua mkanda na viatu, akaingia ndani, akakaa sakafuni. Juu ya mlango kamera ikashika mara moja, ikageuka taratibu, ikatulia ikimtazama.