Siku Andati wa Donholm Alipoliamsha Gari la Dizeli

Tegeni masikio, enyi wa Donholm na enyi mkaao mbali hata Njiru. Zimeni redio, epueni sufuria, kwa maana habari hii ni nzito, na Mwenyezi Mungu anijalie pumzi niifikishe mwisho.

Ilikuwa Jumapili ya Julai, mwaka wa tisini na sita, baridi ikiuma mifupa. Ndipo Andati, karani wa reli, simba wa mafaili, alipoketi kwenye usukani wa motokaa yake mpya ya dizeli, kazi ya mafundi wa mabwana wakubwa wa Ulaya, ambayo viti vyake vilikuwa bado vimevikwa nailoni ya kiwandani, makalio ya wanadamu yasije yakavinajisi. Jumapili iliyotangulia alikuwa ametoa ushuhuda mbele ya kanisa zima kwamba yeye, wala si mwingine, ndiye atakayempeleka Pasta Mukhwana kufungua kanisa jipya la Njiru. Sasa pasta alikuwa kiti cha nyuma, Biblia mapajani. Na langoni alingoja jirani wa Andati, Lusweti, muuza kabeji, pikapu yake kuukuu tayari inanguruma, kwaya imejaa nyuma.

Shujaa akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likanyamaza. Akazungusha tena, na tena.

"Mzee Andati," Lusweti akasema, "hiyo ni dizeli. Ngoja hiyo taa ya njano izime kwanza, injini ipate joto."

"Mimi sifundishwi gari na mtu wa kabeji," akanguruma Andati. "Chombo hiki kiliundwa kwa ajili ya watu wa cheo changu, nacho kinanijua."

"Basi kiambie kikusalimie."

Kwaya ikacheka. Andati akamwona pasta, kwa jicho la moyo, akihamia pikapu ya kabeji, na jasho likamtoka katika baridi ile.

Phelister mkewe, aliyeketi kando yake, akamgusa mkono. "Baba Vivian, wacha tuombe. Zungusha ufunguo nusu tu, halafu usiuguse mpaka useme amina."

Wote wakainamisha vichwa. Phelister akaliombea kanisa la Njiru, akaziombea barabara, akawaombea wajane, na Mungu amsamehe, jicho lake moja lilikuwa wazi, limeikazia taa ya njano. "Na wagonjwa walioko hospitalini, Bwana, uwa... amina."

"Amina," akasema Andati, akazungusha.

Injini ikalipuka kwa kishindo, madirisha ya majirani yakatetemeka, moshi mweusi ukaifunika kwaya. Mama Ayuma wa nyumba ya nne akatokea na karai la mahindi kichwani. "Haya, hii poshomili imefunguliwa lini? Mnasaga mpaka saa ngapi?"

Mshindi hajibizani na mahindi; Andati akaling'oa gari. Akaenda Njiru, na kwa kuwa hakuthubutu kuizima injini, ikanguruma mlangoni pa kanisa saa tatu nzima, wala hakuna aliyesikia hata neno moja la mahubiri. Humo garini, akitetemeshwa kalamu, akaijaza ile fomu ya maoni aliyopewa na waliomuuzia: "Gari tulivu. Linawaka upesi. Linamtambua mwenyewe."

Na neno hilo likaandikwa hivyo, kwa wino, likatiwa sahihi, vizazi vyote vya Donholm vipate kujua.