Marahaba Iliyonifuata Mteremkoni

Leo nimeadhirika, ndugu zangu, tena mbele ya watu ninaotaka waniite mkwe. Nawaandikia barua moja ninyi wote watatu, mpokezane, kwa sababu kuisimulia mara tatu siwezi. Goti linauma. Na kuna mahali pengine panauma zaidi (nitapataja baadaye).

Naanza mwanzo, kwa utaratibu, kama mlivyonizoea.

Mnajua nataka kumwoa Zahara, mwalimu wa darasa la pili. Barua ya posa ilikwenda mwezi uliopita. Mshenga wangu ni Mwalimu Kaniki, Mshambaa wa hapa hapa Lushoto, anayefundisha nami madarasa ya watu wazima. Jibu lilikuja Ijumaa: baba yake Zahara anataka kuniona. Hakuuliza ukoo wala mshahara.

"Anataka kuona unavyosalimia," Kaniki akasema.

"Basi?"

"Unasema basi! Yule bwana shamba aliyeposa kabla yako alimsalimia mzee akiwa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Chai hakupewa. Mzee alisema mtu anayetoa shikamoo juu ya baiskeli hana wazazi."

Nikacheka. (Hicho kicheko kiwekeni, tutakihitaji.) Mimi nimelelewa na mama peke yake kule Tabora, na mama alikuwa akinirudisha njia nzima nikimpita mtu mzima bila kusimama. Kusalimia kunishinde mimi?

Siku niliyochagua ni leo, Jumapili. Tangu magari yakatazwe kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili nchi iokoe mafuta, barabara zetu huku zimekuwa mali ya mbuzi, kuku na wenye baiskeli. Kaniki akaniazima yake. Alinikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto mgonjwa.

"Breki ya mbele usiiguse. Ya nyuma usiitegemee."

"Sasa nitasimama na nini?"

"Raba za breki hazipatikani, ndugu yangu. Hiyo ya nyuma nimekata kandambili. Kwenye mteremko mkali unashuka, unasukuma. Kila mtu huku anafanya hivyo."

Sikumwamini. Kusukuma baiskeli kwenye mlima naelewa. Kusukuma baiskeli kwenye mteremko? Kwetu Tabora nchi imelala kama mkeka, na breki ni pambo tu. Mteremko niliuona ni zawadi.

Saa nane na robo nikatoka. Shati jeupe, suruali ya kaki iliyopigwa pasi mara mbili, na kwenye keria kilo ya sukari niliyoipangia foleni asubuhi nzima. Jamani, sijawahi kuona safari tamu namna ile! Sikukutana na gari hata moja. Ukimya ulikuwa mwingi mpaka nilisikia mnyororo wangu mwenyewe. Wanawake walitembea katikati ya barabara, wamepanga mstari kwa upana, wanazungumza. Mbwa mmoja alikuwa amelala kwenye kona, mahali ambapo jana lori lingemkanyaga. Nikamzunguka. Hakufungua hata jicho.

Na nilisalimia! Kila mzee niliyemwona nilishuka, nikaegemeza baiskeli, nikatoa shikamoo kwa mikono miwili. Nilishuka mara kumi na moja (nilihesabu). Wa kumi na moja alikuwa bibi kipofu aliyeketi nje ya nyumba yake. Nikashuka hata hivyo.

Baada ya njia panda ya Irente nikapanda kilima cha mwisho, nasukuma. Juu kabisa nikasimama kupumua. Bonde la kina Zahara lilikuwa chini yangu: migomba, mahindi, na bustani za kabichi zilizokatwa ngazi ngazi, zinateremka mpaka kwenye mfereji wa maji. Kando ya mfereji, nyumba niliyoelekezwa. Njia ilishuka moja kwa moja. Kona moja tu.

Katikati ya mteremko alikuwapo mzee mmoja, kanzu, koti na kofia, anasukuma baiskeli yenye tenga la mapeasi. Anasukuma kwenye mteremko! Nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, maskini, baiskeli yake mbovu.

Nikapanda yangu.

Nia yangu ilikuwa njema. Nilipanga nimkaribie, nishuke, nimsalimie, awe wa kumi na mbili. Nikabana breki ya nyuma. Kandambili ikatoa harufu ya kuungua. Halafu ikachomoka, nikaiona ikirukia majanini. Nikakumbuka nimekatazwa kugusa breki ya mbele. Nikaigusa. (Haikuwapo.) Nikapiga kengele, kwa sababu kengele ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinafanya kazi.

Mzee akageuka. Ndugu zangu, kichwani nilikuwa na mambo mawili tu: kwamba nakufa, na kwamba huyu ni mtu mzima.

"SHIKAMOOOO MZEEEE!"

Nikampita. Niliona mdomo wake umefunguka kunijibu. Jibu lenyewe sikulisikia. Kona ikaja, nami sikukata nayo.

Nikaingia kwenye kabichi. Ngazi ya kwanza nilikuwa juu ya baiskeli. Ngazi ya pili baiskeli ilikuwa juu yangu. Ya tatu baiskeli ikabaki, mimi nikaendelea mpaka kwenye mfereji. Mfuko wa sukari ulinitangulia. Niliuona ukipasuka, na kilo nzima ikaenda na maji.

Nikainua kichwa. Mbele yangu mama mmoja mwenye jembe. Nyuma yake, Zahara.

"Mama," Zahara akasema polepole, "ndiye huyu."

"Huyu?"

"Shikamoo, mama," nikasema, nimekaa ndani ya maji.

"Marahaba. Jamani, umeumia? Simama, baba, simama!"

Sasa kusimama ndiko kulikokuwa na tatizo. Suruali ilikuwa imepasuka nyuma, kutoka kwenye mkanda mpaka karibu na goti. (Ndipo mahali pale pengine.)

"Nipo salama hapa hapa, mama. Maji mazuri."

Zahara alinitazama, akaelewa. Akamnong'oneza mama yake kwa Kishambaa. Mama akageuka upande wa pili, mabega yanamtikisika, akavua kanga yake ya juu na kunirushia bila kuangalia.

Basi fikirini. Nimesimama kwenye kabichi zilizovunjika, tope mpaka masikioni, kanga ya mama mkwe kiunoni. Hapo nikasikia baiskeli inasukumwa taratibu. Tik, tik, tik. Ni yule mzee wa mapeasi.

"Baba amefika," Zahara akasema.

Nilitazama mfereji. Ulikuwa na kina kifupi mno kwa mtu kujificha.

Mzee aliegemeza baiskeli yake kwenye mgomba, akaitikisa kuhakikisha haitaanguka. Akavua kofia, akafuta jasho, akaivaa tena. Nilimkumbuka bwana shamba. Nikajua Zahara nimempoteza, kwa kosa lile lile nililolicheka Ijumaa.

"Shikamoo, mz..."

Akainua mkono.

"Ngoja, kijana. Kwanza ile ya kule juu." Akakohoa kidogo. "Marahaba."

Nikakaza fundo la kanga.

"Nilitaka kukujibu palepale, hukunipa nafasi. Nimeshuka nayo mteremko mzima. Haya, sasa lete hiyo ya pili."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za safari?"

(Habari za safari!) "Nzuri, mzee."

"Naona."

Mama akashindwa kujizuia, akakaa chini kwenye tuta, akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akamchokoza mumewe: "Baba Zahara, huyu naye amesalimia juu ya baiskeli. Yule bwana shamba ulimnyima chai!"

Nikafumba macho.

"Bwana shamba alikuwa amesimama," mzee akasema. "Aliona uvivu kushuka. Huyu alikuwa anakwenda kufa. Mtu anakwenda kufa, anamwona mzee njiani, anakumbuka shikamoo." Akatikisa kichwa. "Huyu kuna mtu alimlea. Mama yako yuko wapi, mwanangu?"

Nikamwambia alifariki mwaka juzi, kama mnavyojua. Kisha nikainama kutoa tope kwenye soksi. Nilitoa tope kwa muda mrefu kidogo. Hakuna aliyeniharakisha.

Chai nilipewa. Vikombe viwili, havina sukari, maana ya kwao ilikwisha na yangu ilikuwa njiani kuelekea mtoni. Zahara alinimiminia cha pili bila kuniuliza. Mama akatoa sharti lake moja: Jumapili ijayo nirudi kupanda kabichi upya. "Na uje kwa miguu," akasema.

Mzee akanisindikiza mpaka kwenye kona. Akapekua majani, akaokota kile kipande cha kandambili na kukiweka kiganjani mwangu.

"Mpelekee Kaniki. Mwambie breki yake ilitangulia kushuka."

Suruali imebaki kwao, inashonwa. Nimerudi Lushoto na kanga ya mama mkwe, nasukuma baiskeli mlimani na mteremkoni, na sikuweza kuwapita wazee wale kumi na mmoja bila kusimama. Nimesimama kwa kila mmoja, nimetoa shikamoo kwa mikono miwili. Wote wameitikia. Bibi kipofu peke yake ndiye ambaye hakucheka, nami nawaomba, ndugu zangu, mfanane naye.