Kipimo cha Suti Tisa

Inatangazwa kwa umma wote kwamba benki yetu haimkopeshi tena mtu kwa kumtazama usoni. Imeanzishwa Kurugenzi ya Upimaji wa Hatari ya Mikopo, yenye kamati ya watu tisa, fomu ya kurasa kumi na moja, na Mkurugenzi, mmoja wa hao tisa, ambaye asubuhi ya uzinduzi alijitazama mara tatu kwenye kioo cha lifti. Suti mpya, jamani! Alipendeza mpaka akajionea wivu.

Mteja wa kwanza alikuwa mama fundi cherehani, yuleyule aliyewashonea wanakamati wote suti za siku hiyo. Cherehani yake ilikuwa imekufa. Sare themanini za shule zilikuwa bado vitambaa, shule zinafunguliwa Jumatatu, na asipopata cherehani nyingine leo, kazi anapewa fundi wa jirani.

“Umewahi kukopa?” Mkurugenzi aliuliza.

“Sijawahi, bosi.”

“Basi hujawahi kulipa deni. Sifuri.” Aliandika kwa masikitiko ya kitaalamu. “Umewahi kukopesha?”

“Si ninyi hapo! Suti tisa. Mlisema mtalipa mkija kuzichukua, mlipokuja mkasema mwisho wa mwezi.”

“Ala! Kumbe una wadeni sugu. Hiyo ni hatari kubwa, mama.” Akamkata alama tano, sifuri ikateremka chini ya sifuri. “Na hatari hiyo unaidhibiti vipi? Una mfumo?”

“Ninao. Anayelipa namshonea kwa cherehani. Anayekopa nampigia bandi tu, ule uzi wa kushikizia. Akimaliza deni anarudi, namshonea kabisa.”

Mkurugenzi aliandika nusu ya jibu, kalamu ikagoma.

“Huo uzi... unadumu muda gani?”

“Mpaka mtu ainame.”

Lo! Mkurugenzi alipapasa taratibu mshono wa suruali yake. Na hapo hapo akaitwa: Mwenyekiti wa Bodi amefika, utepe unakatwa. Alitembea wima kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, huku akiwanong'oneza wenzake mmoja mmoja. Kila aliyenong'onezwa alinyooka ghafla.

Mwenyekiti alimkabidhi mkasi. Kwa kuogopa kunyoosha mkono, aliupokea kwa ncha za vidole, mkasi ukaanguka sakafuni.

“Uokoteni basi,” alisema Mwenyekiti.

Wataalamu tisa wa hatari waliutazama mkasi. Kisha wakatazama dari.

“Jamani, hamna viuno?”

Wapiga picha walisogea karibu. Ndipo mama fundi akapita katikati yao, akainama bila wasiwasi wowote, akauokota mkasi na kuushika vizuri kama mwenye mali.

“Kabla sijakata,” alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, “wanaonilipa leo, hapa hapa, wanyooshe mikono. Nikanunue cherehani.”

Mikono tisa ikapanda polepole, ikaishia usawa wa mabega. Hata kwapani palikuwa bandi.

“Juu zaidi, bosi,” alisema mama fundi. “Sijaona vizuri.”